Mwanamaji Akitoroka Kambini, Kwa Nini Polisi wa Moshi Ndio Wanaobisha Hodi?

Mama alifika ofisini kwetu Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha. Anauza ndizi soko la Kiboriloni, na utomvu ulikuwa umemkaukia vidoleni, mweusi kama wino. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" akiwa bado amesimama mlangoni, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa tangu nianze kazi ya msaada wa kisheria hapa Moshi: "Hivi mtu akiacha kazi, polisi wanamtafuta?"

Jana yake jioni askari wawili walikuwa wamefika nyumbani kwake wakiongozana na mwenyekiti wa mtaa. Hawakufanya fujo. Walimtaja kijana wake kwa majina yote matatu, wakauliza kama yupo, wakaandika namba ya simu ya mama kwenye daftari, wakaondoka. Kijana ni mwanamaji, kikosi chake kiko Dar es Salaam. Alikuwa amefika nyumbani Jumamosi moja na begi dogo la mgongoni, akasema amepewa ruhusa. Mama hakudai karatasi ya ruhusa. Ni mzazi gani anayemdai mwanawe karatasi mlangoni? Tulihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani, tukapata siku 17. Mambo madogo nimeyabadili hapa ili familia isitambulike, lakini hesabu ya siku nimeiacha ilivyokuwa, maana siku ndizo zenye uzito kuliko chochote katika habari hii.

Swali la mama lilikuwa la haki kabisa. Mwalimu akiacha kufundisha, polisi hawaendi kwao. Dereva akimwachia tajiri funguo za daladala na kwenda zake, kesi ikiwepo ni ya madai. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi asiyefika kazini huchukuliwa hatua za nidhamu, na mwisho wa yote ni kuachishwa kazi. Ila sheria hiyohiyo, tangu vifungu vyake vya mwanzo, inasema haiwahusu walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hao wana sheria zao. Kazi nyingine zote unaziacha kwa kuondoka, lakini jeshini kule kuondoka ndilo kosa lenyewe.

Sheria ya mwanajeshi wa Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na mwaka huo una maana yake. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Kati ya 1965 na 1970 walikuwapo nchini washauri wa kijeshi kutoka Kanada, wakisaidia kulijenga jeshi jipya. Sheria iliyotungwa wakati huo ilibeba ndani yake kanuni za nidhamu, mahakama za kijeshi na adhabu zake. Kamandi ya Wanamaji ilikuja baadaye, mwaka 1971, na kituo chake cha Kigamboni kilijengwa kwa msaada wa China. Mwanamaji wa Kigamboni, wa Mwanza au wa Kigoma anabanwa na sheria ileile inayombana askari wa miguu aliyeko Monduli.

Baharia si mwanamaji

Hapa Kilimanjaro, mbali na pwani, yeyote anayefanya kazi kwenye maji huitwa baharia. Mjomba wa kijana yule, aliyekuja na mama siku ya pili, alinishikilia kwa hoja moja: "Mbona mtoto wa jirani yetu aliteremka melini Durban, hakurudi, na hakuna aliyemtafuta?" Kwake ilikuwa habari moja. Nadhani wengi wangefikiri hivyohivyo, kwa hiyo inafaa kulifungua fundo hili kabla ya mengine.

Baharia wa meli ya mizigo ni mfanyakazi wa kampuni. Zamani naye alikamatwa na polisi akiacha meli, na nchi ziliandikiana mikataba ya kurudishiana mabaharia waliotoroka bandarini. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la mabaharia wa meli Arago, waliokamatwa, wakawekwa ndani na kurudishwa melini kwa nguvu. Mahakama ikasema hilo halikuvunja katiba, ingawa katiba hiyo ilikuwa imepiga marufuku utumwa miaka zaidi ya 30 kabla. Ilibidi isubiriwe sheria ya mabaharia ya 1915 ili Marekani iache kumfunga mtu kwa sababu ameacha meli ya biashara. Mwaka 1957 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 105, unaokataza kumfanyisha mtu kazi kwa shuruti kama njia ya kumtia adabu kazini. Ndiyo maana jirani yule wa Durban anaweza kuwa na deni kwa wakala wake na tatizo na Uhamiaji wa Afrika Kusini, lakini hakuna askari atakayemfuata Moshi kwa kosa la kushuka melini.

Mwanamaji anavaa sare, amekula kiapo, ana silaha, na nchi inamtegemea awepo mahali fulani saa fulani. Ukombozi ule wa mabaharia haukumfikia. Na yeye ana jambo moja ambalo askari wa nchi kavu hana: kituo chake cha kazi kinaondoka. Kambi ya Monduli itakuwa palepale ukichelewa siku tatu. Meli ikipangiwa kung'oa nanga saa 10 usiku, saa 11 haipo, na nafasi yako kwenye injini au kwenye rada imebebwa na mwenzako ambaye hakulala. Marekani wamelifanya hilo kosa la pekee katika sheria yao ya kijeshi, kosa la kukosa safari ya meli, kikosi au ndege, hata kama hukuwa na nia ya kukimbia moja kwa moja.

Siku, na kilichomo moyoni

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo, na ndipo familia nyingi zinapopotea.

Kuna makosa mawili. La kwanza ni kutokuwepo kazini bila ruhusa: umechelewa kurudi likizo, umetoka kambini bila pasi, umelala nje. La pili ni kutoroka jeshi. Kinachoyatenganisha ni nia. Aliyetoroka ni yule aliyeondoka akikusudia asirudi, au aliyeondoka ili akwepe kazi ya hatari aliyokwisha kupangiwa. Kosa la kwanza mara nyingi huishia mikononi mwa mkuu wa kikosi, kwa adhabu za ndani ya kambi. La pili linaweza kumfikisha mtu mbele ya mahakama ya kijeshi na kisha gerezani.

Lakini nia haionekani kwa macho, kwa hiyo sheria hutafuta alama. Alama ya kwanza ni muda. Marekani, mwanamaji akifikisha siku 30 bila ruhusa, jeshi humwandika kuwa mtoro kwenye karatasi zake, na fomu yenye maelezo yake hutumwa kwa polisi. Kuandikwa hivyo hakumtii hatiani, maana mahakamani nia bado lazima ithibitishwe. Kanada wanaenda mbali zaidi: aliyekosekana miezi 6 mfululizo anachukuliwa kuwa alikusudia kutorudi, mpaka aonyeshe vinginevyo. Siku zinapoongezeka, mzigo unahamia begani kwa aliyeondoka.

Alama ya pili ni matendo. Amebadili jina? Ametafuta kazi nyingine? Ameuza sare, ametupa kitambulisho, amevuka mpaka? Au alipiga simu kikosini, akamwambia mwenzake "nimekwama, nakuja"? Nilimuuliza mama nguo za kazi za kijana ziko wapi. Akashangaa swali lenyewe. "Amezifua," akasema. "Zimekunjwa ndani ya begi, chini ya kitanda. Na viatu amevipaka dawa." Niliandika maneno hayo kama alivyoyatamka. Mtu aliyepania kutorudi hapaki viatu vya jeshi dawa.

Alama ya tatu ni mazingira ya wakati wenyewe. Kutoroka wakati wa amani ni jambo moja, na kutoroka ukiwa vitani au umeshapewa amri ya kwenda vitani ni jambo jingine kabisa. Kenya, Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inaruhusu kifungo cha maisha kwa anayetoroka akiwa katika utumishi wa vita. Hilo halikubaki kwenye karatasi. Katikati ya muongo uliopita, mahakama ya kijeshi mjini Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha wanamaji wa Kenya zaidi ya 20 waliokuwa wameacha jeshi na kwenda kufanya kazi za ulinzi kwa makampuni Mashariki ya Kati. Tangu Oktoba 2011 Kenya ilikuwa na majeshi Somalia, na wanamaji wake walishiriki kuiteka Kismayo Septemba 2012. Wale waliofuata mishahara minono ughaibuni waliondoka kana kwamba wanahama kazi tu. Mahakama iliona watu waliolikimbia jeshi.

Kwa nini polisi wa kawaida

Mjomba aliuliza pia, na hapo sauti yake ilipanda: "Jeshi lina polisi wake. Hawa wa mjini inawahusu nini?"

Ni kweli, jeshi lina polisi jeshi, wale watu wanaowaita MP. Lakini wao kazi yao ni kambini na kwa wanajeshi. Hawana kituo kila tarafa, hawamjui mwenyekiti wa mtaa wa Pasua wala wa Unga Limited, na hawapiti usiku Rau au Sanawari. Polisi wa kawaida wanayo yote hayo. Kwa hiyo karibu kila nchi imejenga daraja: jeshi linasema nani amekosekana, polisi wanamtafuta na kumshika, kisha wanamkabidhi. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinamtaja waziwazi aliyetoroka majeshi kuwa miongoni mwa watu ambao askari polisi anaweza kuwakamata bila hati. Na kwetu, mwanajeshi anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametoroka anaweza kukamatwa na polisi wa kituo chochote, awe Himo au Karatu.

Daraja hilo ni la zamani, na lilijengwa kwa sababu wanamaji walikuwa wakitoroka kwa maelfu. Mwaka 1803 Admirali Nelson wa Uingereza alikadiria kwamba katika vita vilivyokuwa vimetoka kumalizika wanamaji zaidi ya 42,000 walikuwa wametoroka. Wengi walikuwa wamekamatwa mitaani na kutiwa melini kwa nguvu tangu mwanzo, mshahara haukuwa umepandishwa kwa zaidi ya miaka 100 hadi wanamaji walipogoma mwaka 1797, na mtu aliweza kukaa miaka bila kuruhusiwa kukanyaga nchi kavu kwa kuogopewa kwamba hatarudi. Aliyetoroka aliandikwa herufi R kwenye daftari la meli, na kwa herufi hiyo moja mshahara wake wote aliokuwa hajalipwa ulipotea. Ukisoma habari hizo unaelewa kwamba utoro wa kiasi kile ni ripoti ya ukaguzi dhidi ya jeshi lenyewe. Ingefaa kila mkuu wa kikosi aisome hivyo hata leo.

Katika karne ya 19 polisi wa Uingereza walikuwa na gazeti lao lililogawiwa vituoni, na ndani yake ziliorodheshwa sura za waliotoroka jeshi na meli: kimo, rangi ya nywele, kovu, chale. Mwanamaji alikuwa rahisi kutambulika. Amechanjwa nanga mkononi, anatembea kwa miguu iliyopanuka kama bado sakafu inayumba, na nchi kavu hana wa kumtetea. Aliyemshika alilipwa zawadi.

Leo kazi ya gazeti lile inafanywa na kompyuta. Marekani, jina la mtoro linaingizwa kwenye kanzidata ya taifa ya wahalifu na watu wanaotafutwa. Huko haendewi na kikosi cha makomandoo. Anasimamishwa barabarani kwa taa mbovu ya gari, askari anachapa jina lake, na kompyuta inajibu. Uingereza, Sheria ya Majeshi ya 2006 inampa polisi wa kawaida mamlaka ya kumkamata mtoro bila hati, lakini inamtaka amfikishe mbele ya hakimu wa kiraia mapema iwezekanavyo. Hakimu huyo hasikilizi kesi ya kutoroka. Anaangalia tu kama aliyeshikwa ndiye anayetafutwa na kama kweli yuko chini ya sheria ya jeshi, kisha anaamua akabidhiwe au aachiwe. Napenda utaratibu huo. Unahakikisha kwamba mtu hapotei kati ya mikono miwili.

Wanampataje

Watu hudhani kuna ujanja mkubwa. Kinachompata mtoro ni maisha ya kawaida: nyumbani, mama, simu, mpenzi, msiba.

Faili la mwanajeshi lina kijiji chake, wazazi wake na watu wa kujulishwa akipatwa na jambo. Askari wakianza kutafuta, wanaanzia hapo. Na mtu wa huku kwetu ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu Mchaga hukosi kumpata nyumbani. Desemba inapofika mabasi yanapanda Kilimanjaro yamejaa, migomba ya kihamba, shamba la ukoo, inafyekewa, mbege inapikwa, na kila aliyezaliwa Marangu, Machame au Rombo anahesabiwa nani amekuja na nani hajaja. Anayejificha hawezi kuja, na asipokuja watu wanauliza. Baba akifariki ni vivyo hivyo. Sijui kijana wa mlimani ambaye angekubali kaburi la baba yake lifukiwe yeye hayupo.

Kisha kuna karatasi. Desemba 1945, vita vilipokwisha, polisi wa London walifunga mitaa na kumbi za burudani na kukagua vitambulisho vya watu, wakitafuta waliotoroka jeshi. Watu hao walikuwa wakiishi bila kitabu cha mgawo wa chakula, maana kukipata kulihitaji jina halisi. Walikaa hivyo miaka, wengine kwa wizi, wengine kwa kutegemea wake zao, mpaka Winston Churchill alipotangaza msamaha mwaka 1953. Kwetu kilichochukua nafasi ya kitabu cha mgawo ni laini ya simu. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Bila laini huna pesa ya simu, na bila pesa ya simu, mjini hapa, huna hata nauli ya kutumiwa na dada. Anayetoroka leo anajikuta akiishi kwa laini ya mdogo wake na kulala kwa rafiki wa rafiki. Nimeona uso wa mtu aliyeishi hivyo majuma mawili na nusu. Alikuwa na miaka 24 na alionekana na 40.

Wazo la kuvuka Holili

Mjomba alikuwa na mpango. Kutoka Moshi mpaka Holili ni chini ya saa moja kwa gari, na ng'ambo ni Taveta. "Akivuka, nani atamgusa?"

Niliona niwe mkweli kwake, kwa sababu swali hili watu wa Arusha na Moshi wanalijibu kwa imani mbili zinazopingana. Imani moja ni hiyo ya mjomba, kwamba mpaka ni ukuta. Nyingine imetokana na yale tuliyoyaona. Kwa miaka 20 hivi, 1995 hadi 2015, Arusha ilikuwa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na washtakiwa waliletwa hapa kutoka nchi nyingi. Mtu aliyekulia Arusha miaka hiyo anaamini kwamba akitafutwa na serikali atapatikana popote.

Ukweli hauko kwa yeyote kati ya hao wawili. Katiba ya Interpol, ibara yake ya 3, inaikataza kabisa kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi, na kutoroka jeshi ni kosa la kijeshi tupu. Mkataba wa mfano wa Umoja wa Mataifa kuhusu kurudishiana wahalifu, wa 1990, nao unataka ombi likataliwe pale kosa linapokuwa la kijeshi na si la jinai ya kawaida. Oktoba 1967, wakati wa vita vya Vietnam, wanamaji wanne wa Marekani waliikimbia manowari Intrepid ilipokuwa Japani. Wanaharakati wa amani wa Kijapani waliwaficha, wakapitishwa Umoja wa Kisovyeti, wakapokelewa Sweden. Sweden haikuwarudisha.

Kwa hiyo ni kweli kwamba aliyevuka haletwi kwa urahisi kama jambazi. Ila wale wanne walikuwa na vita duniani kote vinavyozungumzwa, na nchi iliyowapokea kwa sababu hiyo. Kijana wa Kiboriloni angekuwa na nini Taveta? Angevuka bila pasi ya kusafiria, na papo hapo angekuwa na kosa la uhamiaji. Kama angeondoka na mali ya jeshi, huo ni wizi, na wizi si kosa la kijeshi tupu, kwa hiyo kinga yote hiyo ingeyeyuka. Na zaidi ya yote, kule kuvuka kungekuwa ushahidi wa nia. Siku 17 za kuchelewa zingegeuka kuwa kutoroka, na angejigeuzia mwenyewe.

Mama, ambaye alikuwa kimya muda wote huo, alisema neno moja tu: "Haendi Taveta."

Upande wa familia na wa kituo

Kuna jambo ambalo lazima niliseme waziwazi kwa wazazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inalo kosa la kumshawishi mwanajeshi atoroke, kumsaidia kutoroka, au kumficha huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ametoroka. Mama aliyempikia mwanawe bila kujua hana kosa. Lakini askari wakishafika wakaeleza, kutokujua kumekwisha. Anayejibu "sijamwona" huku kijana yuko chumba cha pili anajiingiza mwenyewe.

Na kwa upande wa pili, mipaka ya polisi nayo ijulikane. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inamchukulia kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na haimtoi mwanajeshi katika haki hiyo. Kazi ya kituo ni kumtambua, kumtunza salama na kumkabidhi. Haina nafasi ya kipigo cha "kumfundisha adabu kabla ya kwenda jeshini." Wala haina nafasi ya bei. Familia hujiwa na mtu anayejidai ana mkubwa fulani, anataka laki tatu au tano "alimalize." Hakuna askari wa kituo mwenye uwezo wa kulimaliza, kwa sababu faili haliko kwake. Liko kikosini. Hela hiyo ikishatoka, jina la kijana linabaki lilipokuwa, na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kujisalimisha ndiyo njia yenye faida, na sisemi hivi kwa kuhubiri. Uingereza imekuwa na utaratibu wa polisi kuandika hati inayosema mtu alikamatwa au alijisalimisha, tarehe gani, saa ngapi, wapi, na hati hiyo hutumika kama ushahidi mbele ya mahakama ya kijeshi. Ukraine, katikati ya vita, ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwarudisha kazini bila mashtaka wale walioondoka vikosini kwa mara ya kwanza wakirejea kwa hiari yao. Majeshi yanajua tofauti kati ya aliyeburutwa na aliyerudi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia huwa ni ule ule: arudi moja kwa moja kikosini, au kambi ya jeshi au kituo cha polisi kilicho karibu, asiende peke yake, na muda wa kufika uandikwe.

Kijana alikuja mwenyewe siku ya pili jioni, amevaa kofia iliyoshushwa mpaka machoni. Nilimuuliza sababu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kuonewa au kuogopa bahari. Alitoa simu iliyozimwa mfukoni, akaiweka mezani. Alikuwa amekopa "kausha damu", mkopo juu ya mkopo, kwa simu, ili kumalizia nyumba ya mama yake. Wadai walikuwa wameanza kuwapigia wenzake kikosini, mmoja mmoja, wakimtukana. Aliona aibu kumkabili afande wake. Alidhani akikaa nyumbani siku mbili atapata akili. Siku mbili zikawa wiki, na wiki yenyewe ikawa sababu ya kuogopa kurudi. Hakuwa amelikimbia jeshi. Alikuwa amekimbia simu.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe aliyoondoka, sababu, madeni na kiasi chake, sare na kitambulisho anavyo, anarudi kwa hiari. Mwenyekiti wa mtaa akaweka mhuri. Askari wawili wale wakajulishwa kituoni kwamba anaondoka kesho, na tukaomba iandikwe kwenye kitabu. Usiku huo aliwasha simu, akampigia sajini wa kikosi chake. Hakuongea dakika mbili. Mengi yalikuwa "ndiyo afande."

Basi liliondoka stendi kuu ya Moshi saa 12 asubuhi, siku ya 19. Mjomba alikwenda naye, amebeba lile begi yeye mwenyewe kana kwamba kijana angelidondosha. Mama hakulia. Alimpa mwanawe ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye gazeti, akarudi sokoni kupanga biashara yake kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mauzo.

Jioni simu ya ofisi iliita. Alikuwa mjomba, yuko Kigamboni, karibu na kivuko, na upepo ulikuwa unaingia kwenye simu. Nilimuuliza wamepokelewaje. Akasema kijana ameingizwa ndani, amevuliwa mkanda na kamba za viatu, lakini askari wa getini ameandika kwanza kwenye daftari, na yeye mjomba aliinama akasoma. Nikamuuliza wameandika nini.

"Wameandika saa," akasema. "Halafu wameandika, amekuja mwenyewe."